Kusikiliza Kijapani Hadi Magwagwa

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni Ogembo ananishika mkono na kuuliza, "Moraa, kwani ilikuwaje huko?" Nikimaliza kumweleza huyu, yule naye anafika na kutaka nianze upya. Nimechoka kuwa redio ya soko. Kwa hiyo nimeandika mara moja, msome, mpokezane, na mkikutana nami tena mniulize mambo mengine, kama vile naolewa lini. Habari za barua, mihuri na foleni za dirishani nimeziruka, maana hata mimi ziliniudhi.

Mnaojua mwanzo wake mtanivumilia. Mwalimu Sachiko, yule Mjapani aliyetufundisha hesabu, alipokuwa anarudi kwao aliniachia mfuko wa kanda za kujifunzia Kijapani na wokmani, ile redio kaseti ndogo ya kuning'iniza kiunoni. Aliniambia lugha huingilia masikioni kabla haijatokea mdomoni. Basi nikasikiliza. Nilisikiliza nikichuma chai, nikimenya ndizi, nikisubiri zamu kisimani. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu, kama mvua juu ya mabati. Baadaye nikaanza kuokota neno hapa na neno pale, kisha sentensi nzima, mpaka nikamjua Bwana Tanaka wa kwenye kanda kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Anapenda chai ya moto, anachelewa treni, na kila somo anapoteza mwavuli. Haba na haba hujaza kibaba, na masikio yangu yalikuwa yamejaa.

Ndipo tukasikia kwamba Wajapani waliokuja kupima maji ya mto kule Magwagwa wanatafuta mkalimani. Mkuu wao, Bwana Hirata, alikubali nije Jumatatu. Angezungumza nami, na kama ningemfuata, kazi ingekuwa yangu.

Baba alizungumza asubuhi ya safari, akiwa ameshika jembe. "Nenda," alisema. "Ukipata hiyo kazi, sawa. Ukirudi mikono mitupu, hizo kanda ziingie sandukuni, na Januari uende chuo cha ualimu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kuhusu Kijapani. Kwa miaka yote niliyotembea na nyaya masikioni hakuwahi kusifu wala kukemea, na mimi kimya chake nilikihesabu kuwa dharau. Kiliniuma, nasema kweli. Lakini sikuwa na hofu yoyote. Nilimwambia mama anisubiri na habari njema.

Ogembo hadi Kisii, juu ya ndizi

Nilipata nafasi kwenye pikapu ya kupeleka ndizi Kisii. Kiti changu kilikuwa mikungu ya ndizi, na jirani yangu alikuwa mwenye ndizi mwenyewe, mama mmoja mnene mcheshi aitwaye Nyaboke. Nikavaa nyaya zangu, nikafumba macho, nikaingia kituo cha treni pamoja na Bwana Tanaka.

Mama Nyaboke alinisemesha. Sikumsikia. Akanisemesha tena. Mwishowe akanivuta nywele.

"Wewe msichana, hiyo masikio iko na shida?"

"Hapana, mama. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini na mimi ndio naongea?"

Nilipomweleza alinitazama kwa huruma. Alisema dada yake alianza hivyo hivyo, kusikia watu ambao hawapo, na akapona kwa mafuta ya moto yaliyotiwa kitunguu. Nilimpa asikilize mwenyewe. Alikaa na nyaya zile huku ametoa macho, halafu akaanza kucheka mpaka mikungu ikatikisika.

"Hawa wanaongea mbio! Nani amewafukuza?"

Mlimani injini ilichemka, dereva akateremka kutafuta maji, na tukakaa kando ya barabara jua likatupiga vizuri. Mama Nyaboke alikataa kabisa kunirudishia nyaya. Alikuwa ameamua kwamba yule mwanamke wa kwenye kanda anamgombeza mumewe, na alitaka kujua mwisho wake. Nilimweleza kwamba wanaulizana bei ya tikiti. Hakunisadiki. Kabla dereva hajarudi, sauti ya Bwana Tanaka ilianza kuburuta kama ya mlevi, ikazimika. Betri zilikuwa zimekwisha, na mfukoni sikuwa na nyingine.

Kisii: betri, chapati na simu

Betri za Kisii ni nyingi, lakini nyingine zimekaa dukani mpaka zimechoka kabla hujazinunua. Mama Nyaboke alinielekeza kwa Mzee Pravin, Mhindi mwenye duka la redio na saa karibu na soko. Nilimsalimu kwa Kiswahili cha shuleni. Alinijibu kwa Ekegusii safi kuliko changu, chenye mafumbo ya wazee ndani yake. Amezaliwa Kisii, na baba yake pia.

"Bwakire," alisema, na hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi. "Leta hiyo kitu nione. Mimi siuzi betri kama sijapima."

Alikuwa akipima betri ya kwanza kwa taa ya tochi simu ilipolia. Alikuwa kaka yake wa Kisumu. Walizungumza Kigujarati, yaani kaka mtu ndiye aliyezungumza, maana Mzee Pravin yeye alikuwa anasema tu, "Ha. Ha. Ha-ha. Ha." Nilisimama pale na betri mbovu mkononi. Kaka alihutubia, na mzee akaendelea na ha zake, mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kwetu mtu hamkatizi kaka yake mkubwa namna ile.

Alipoweka simu chini sikuweza kujizuia. "Mzee, mbona humwachi aseme amalize?"

"Ninamwacha. Ndiyo sababu nasema ha." Aliangalia simu kama mtu aangaliaye ng'ombe mkorofi. "Hii laini mbaya. Nikinyamaza kidogo, atafikiri imekatika, ataanza kupiga kelele, 'Hello! Hello!' Halafu anarudia yote tangu mwanzo."

Nilicheka, nikasahau. Mkewe alikuwa amesikia kwamba binti anakwenda mbali, akaniletea chapati laini na viazi vyenye bizari, pamoja na achari ya embe iliyonitoa machozi. Mvua ikanyesha wakati huo huo, hivyo nilikula taratibu. Nilitoka pale na betri mpya, tumbo limetulia, na Bwana Tanaka amefufuka.

Kisii hadi Sironga, na kwaya

Ilikuwa Ijumaa, na barabara ya Nyamira ilikuwa imegeuka uji. Gari lililokubali kwenda ni lori lililokodiwa na kwaya ya Wasabato waliokuwa na mkutano Sironga. Anakoishi shangazi yangu Bosibori, dada ya baba, ni Sironga, kwa hiyo nikapanda.

Nyinyi mnaowajua Wasabato mnajua shida ya Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na mtu awe amefika, ameoga na ametulia. Tulikwama mara ya kwanza, wanakwaya wakateremka wakasukuma huku wakiimba. Tulikwama mara ya pili, wakasukuma bila kuimba. Mara ya tatu mwalimu wa kwaya alivua soksi, akazikunja na kuziweka ndani ya kitabu cha nyimbo, akaingia topeni. Nami nikaingia. Mwimba besi mmoja aliyekuwa karibu nami aliona nyaya shingoni mwangu.

"Dada, wewe ni usalama?" aliuliza polepole. Alimaanisha wale makachero wa serikali.

"Najifunza Kijapani."

Alikunja suruali hadi magotini. "Basi hata kama ni usalama, sukuma tu."

Tuliingia Sironga jua likiwa limebakiza ukucha. Walinishukuru kwa kunifundisha wimbo wa kuagana, sauti ya tatu, ambao bado naimba vibaya.

Sironga: siku ya kukaa kimya

Shangazi Bosibori alinipokea kwa obokima, ugali wetu wa wimbi, na chinsaga, ile mboga ya mgagani, iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukaisha. Nilipogusa wokmani alinipiga jicho. Nyumba ya Msabato haifungui redio siku ile, na hakuna atakayekupeleka safari. Jumamosi nzima ikawa ya kukaa.

Nilikaa na mzee Nyang'au, baba mkwe wa shangazi. Baada ya ibada alianza kunieleza jinsi ukoo wao ulivyofika Sironga, na alianzia mbali sana. Nilikaa kwenye kigoda, macho chini, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Hatuhitaji kufundishwa hayo. Kwetu kuna ensoni, ile haya na heshima ya kumwogopa mtu wa rika la baba yako. Anapozungumza humtazami usoni, wala hutoi sauti. Ukitoa sauti, unamwambia afanye haraka. Mzee alisema mpaka kivuli cha nyumba kikahama upande wa pili, nami sikukohoa.

Jioni alimwambia shangazi, "Huyu mtoto amelelewa. Anajua kusikiliza."

Mnajua jinsi ninavyopenda kusifiwa. Usiku ule nililala nimeshiba sifa. Nilijiambia, kama kazi yenyewe ni kusikiliza, basi Bwana Hirata atapata msikilizaji ambaye hajapata kumwona.

Sironga hadi Magwagwa

Jumapili shangazi alikataa niondoke bila kula, na ndizi zilikataa kuiva jikoni, kwa hiyo nilichelewa lori la majani chai. Nikapata jingine mchana. Dereva wake alipita kila kituo cha kununulia majani kati ya Nyamira na mwisho wa dunia. Katika kila kituo akina mama walikuwa wanabishana na karani juu ya mizani, naye dereva hakuondoka kabla hajasikia nani ameshinda. Lilipojaa likageuka kurudi kiwandani, na mimi nikaendelea kwa miguu nikiwafuata punda waliobeba mahindi kwenda Magwagwa. Kanda ilikuwa inazunguka. Nilikuwa narudia kila sentensi kwa sauti nyuma ya Bwana Tanaka, na mwenye punda akaniomba nitembee mbele, kwani punda wake walikuwa wanasimama wakidhani wanaitwa.

Nililala kwa binamu wa shangazi, na asubuhi niliosha viatu mtoni, nikajipaka mafuta, nikaenda.

Mbele ya Bwana Hirata

Bwana Hirata alikuwa mtu wa umri wa baba, mwembamba, mvi kichwani, mabuti yake yana matope kuliko yangu. Alinikaribisha kwenye kiti cha turubai, akamwita dereva wake Ombati akae nasi, kisha akaanza kuzungumza.

Hakusema kama Bwana Tanaka. Alimeza maneno nusu, alianza sentensi akaiacha njiani akachukua nyingine. Lakini nilimsikia! Wenzangu, nilimsikia. Alisema juu ya mto, juu ya vigingi walivyopigilia ukingoni, juu ya wazee wa pale. Furaha ilinijaa kifuani. Nami kwa heshima yote niliyopewa na wazazi wangu, nikateremsha macho, nikaweka mikono mapajani, nikafunga mdomo.

Alisita. Aliuliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa, macho chini. Akarudia yote polepole. Mimi kimya, nasubiri amalize. Akarudia tena, safari hii kama anayesema na mtoto. Kisha akavuta pumzi, akamwambia Ombati kwa Kiingereza kwamba binti ni mzuri ila hasikii, anywe chai, na jioni gari limshushe Nyamira.

Ombati alinipeleka nyuma, jikoni. "Pole, dada," alisema. "Hiyo lugha ni ngumu."

Nilikaa na kikombe mkononi, machozi yananidondokea ndani ya chai. Niliona sanduku la baba likifunguliwa. Niliona kanda zikiingia moja moja. Nilikuwa nimemsikia yule mtu neno kwa neno, sasa nitamwambia nani?

Ndani, Bwana Hirata alikuwa anazungumza na mwenzake kijana. Nilisikiliza, maana masikio yangu yamezoea, hayajui kukata tamaa. Kila mkuu aliposema maneno mawili matatu, kijana alisema, "Hai," yaani ndiyo. Akiendelea, "Ee. So desu ka," yaani kumbe ni hivyo. "Hai, hai." Hata kwenye kanda zangu zimo hizo hai, nyingi mno. Miaka yote nilizipepeta kama makapi ili nifikie mchele.

Nikamkumbuka Mzee Pravin na simu yake. Nikinyamaza, atafikiri imekatika. Halafu anarudia yote tangu mwanzo.

Niliweka kikombe chini kwa kishindo mpaka mpishi akaruka. Nilirudi ndani bila kubisha hodi, na hapo mama yangu angezimia. Nikamwambia Bwana Hirata kwa Kijapani kwamba nilimsikia. Nikamrudishia maneno yake yote: mto, vigingi, na wazee ambao amewaeleza mara nyingi, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na Ombati akitafsiri, kwamba vigingi ni vya kupimia tu, si vya kuchukua shamba la mtu, lakini hawakubali.

Alinitazama. "Mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu ulikuwa unazungumza," nilimjibu.

Hakuelewa, lakini alicheka. Mkutano na wazee ulikuwa mchana huo huo. Akasema nikae karibu naye, tuone.

Wazee walikuwa kwenye mabenchi ya kanisa, fimbo kati ya magoti. Bwana Hirata alianza, nami nikamtazama usoni, nikasema, "Hai." Akaendelea. "Ee. So desu ka." Alichanua, akatiririka, mpaka ikabidi nimwombe apumzike nitafsiri. Ndipo mzee mmoja wa mbele, Omwenga, aliponyoosha fimbo.

"Binti, wewe ni wa nani? Mzee anasema, nawe unamgunia usoni? Mwache amalize!"

Aibu ilinichoma masikio. Nilisimama. "Wazee, nisameheni. Kwao mtu akinyamaza, anayesema hujiona anaongea na ukuta. Miguno hii ndiyo heshima yao. Inasema, nipo, sema."

Walitazamana. Mzee Omwenga aliteremsha fimbo taratibu. "Kumbe ndiyo maana anarudia-rudia," alisema. "Kila akija, maneno ni yale yale, polepole, kama sisi ni watoto wa chekechea. Tulisikia siku ya kwanza. Tulikuwa tunangoja amalize matusi, tumjibu."

Nilipomtafsiria Bwana Hirata, aliweka mkono kinywani. Miezi yote ile alidhani kimya chao ni kukataa. Nikamweleza kwamba hapa kwetu mzee akikunyamazia huku anatazama chini, ujue anakula kila neno lako. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alipouliza afanye nini sasa, nilimwambia afunge mdomo.

Mzee Omwenga akazungumza. Alitaka kigingi cha karibu na makaburi kisogezwe, na mtu wa ukoo awepo kila wanapopima. Hayo tu. Bwana Hirata alikaa macho chini, midomo ameibana kama mtu aliyezuia kupiga chafya, maskini, kwa maana kila hai ilikuwa inamsukuma itoke. Mzee alipomaliza alimtazama, akawageukia wenzake. "Leo amesikia," alisema.

Kigingi kilisogezwa kesho yake. Kazi naianza Jumatatu ijayo.

Nyumbani

Safari ya kurudi haikuwa na lolote la kusimulia, isipokuwa Mama Nyaboke aliyenikuta Kisii na kuuliza kama yule mwanamke wa kwenye kanda alimwacha mumewe.

Nilimkuta baba amekaa kando ya moto. Mama alinishika mabega akitaka habari papo hapo, lakini nilikaa chini, nikaanza kumsimulia baba: ndizi, betri, kwaya, kile kikombe cha chai, fimbo ya mzee Omwenga. Baba alitazama makaa. Hakuniangalia, hakutikisa kichwa, hakutoa sauti. Zamani ningekatiza habari na kuondoka nimenuna. Safari hii sikuharakisha, wala sikurudia neno. Nilikuwa na habari ndefu, na nilijua laini haijakatika.

Nilipofika pale Bwana Hirata aliponiuliza nani alinifundisha kusikiliza, nikasita, maana jibu nililompa sikuwa nimepanga kulisema nyumbani. Nikalisema. Nilimwambia ni baba yangu.

Moto ulilia. Baba aliuchokoa kwa kijiti, bado hanitazami.

"Ee," alisema.

Mama aligeuka kutoka kwenye chungu akatutazama sote wawili, na mimi nikaendelea na habari yangu.